Maji yanapanda, maji yanashuka: mradi wa tabianchi visiwani mwa Ziwa Victoria uanzie wapi?

Shuka kwenye mwalo wowote, yaani pale mitumbwi inapotia nanga, katika visiwa vya Ukerewe upande wa Tanzania, umuulize mwenyeji ziwa linaishia wapi. Hatakuonyesha sehemu moja. Atakuonyesha mti uliokaukia ndani ya maji, kisha jiwe lililo juu kabisa karibu na maduka, halafu atanyoosha mkono kuelekea ziwani, kule mitumbwi inakopita sasa, akuambie kwamba pale palikuwa na bustani za mboga. Yote matatu ni kweli. Mtu wa miaka 70 aliyekulia kisiwani ameshaliona ziwa likifika sehemu zote hizo.

Naanza na mpaka huo wa maji kwa sababu hapo ndipo miradi mingi ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi inapojikwaa kabla haijaanza. Siku ya uzinduzi turubai linafungwa, viti vya plastiki vinapangwa, mgeni rasmi anafika kwa boti, fulana zenye nembo zinagawiwa. Watu wanapiga makofi, na wana haki ya kupiga, maana visiwani maendeleo huchelewa kufika. Lakini mradi umeshaanza zamani, siku ile mtu alipokaa ofisini akaandika tatizo ni lipi, limeletwa na nini na linamgusa nani. Kilichokosewa kwenye karatasi ile hakirekebishwi na hotuba ya mgeni rasmi.

Ziwa si bahari

Lugha ya miradi ya visiwa imetoka baharini. Ukisema kisiwa na tabianchi katika mkutano wa kimataifa, picha inayowajia watu ni maji ya chumvi yanayopanda polepole na hayarudi tena. IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi lililo chini ya Umoja wa Mataifa, linakadiria kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20 hivi kati ya mwaka 1901 na 2018. Maji ya namna hiyo unaweza kuyajengea ukuta, na Tanzania imefanya hivyo: ukuta ulijengwa upya kando ya Barabara ya Barack Obama jijini Dar es Salaam. Maana ya ukuta ni kwamba unajua maji yatatokea upande gani, na unajua kesho yatakuwa juu kuliko leo.

Sasa litazame ziwa letu. Kati ya 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2. Mvua kubwa zilizolijaza zilinyesha miezi ile ile Tanganyika ilipokuwa inapata uhuru. Kisha likashuka, kwa kusuasua, hadi mwaka 2006 ukingo ukawa umerudi nyuma kiasi kwamba mitumbwi iliyozoea kuegeshwa kando ya maji ilibaki kwenye tope. Mwishoni mwa 2019 mvua zikarudi. Ndani ya nusu mwaka, kufikia Mei 2020, ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 1 na kuifikia rekodi ya 1964. Likapungua tena. Mwaka 2024 likapanda na kuipita rekodi hiyo.

Linganisha. Kile ambacho bahari imekifanya kwa zaidi ya karne moja, ziwa lilikifanya mara tano ndani ya miezi sita, kisha likageuza. Mtu wa kisiwani hapa anaishi na maji yanayokwenda na kurudi bila ratiba, na hilo ni tatizo la aina nyingine kabisa.

Chanzo chake ni umbo la ziwa lenyewe. Eneo lake ni karibu kilomita za mraba 68,800, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40 tu, kwa hiyo lifikirie kama sinia, usilifikirie kama chungu. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ni mvua inayolidondokea moja kwa moja, na sehemu kubwa ya yanayotoka hupanda hewani kama mvuke. Mito ina mchango mdogo kuliko tunavyodhani. Msimu mmoja wa mvua nyingi unalijaza, miaka michache ya jua kali inalipunguza.

Mlango wa kutokea ni mmoja, kule Jinja nchini Uganda, ambako Nile inaanzia na ambako bwawa la umeme la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lilikamilika mwaka 1954. Tanzania inamiliki kama asilimia 51 ya ziwa, Uganda 43 na Kenya 6, lakini bomba la kufungulia liko upande mmoja. Kushuka kwa 2004 hadi 2006 kulitokana na ukame pamoja na maji mengi yaliyoachiwa kupita kwenye mitambo ya umeme. Mradi unaoandikwa kwa ajili ya Ukerewe hauwezi kuamuru chochote Jinja. Unaweza tu kukubali kwamba maji ya mwaloni yanaamuliwa na mawingu na pia na watu walio mbali, na ujenge kwa kufuata ukweli huo.

Kujenga kwa kufuata ukweli huo kuna sura yake. Gati la zege lililopimwa mwaka ziwa liko juu, maji yakishuka linasimama kwenye nchi kavu na abiria wanavua viatu kuuendea mtumbwi. Likipimwa maji yakiwa chini, linazama. Gati linaloelea hupanda na kushuka pamoja na ziwa. Vivyo hivyo pampu ya maji ya kunywa: ikifungwa kwenye jukwaa linaloelea itadumu, ikijengewa kibanda ufukweni itakuwa na maisha mafupi. Mambo haya ni ya kawaida kwa mhandisi. Yanakosekana kwa sababu aliyeandika mradi aliwaza bahari.

Sentimita 7

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, na nitakaa hapa kwa muda.

Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa kimataifa ulioichunguza kasi ya kupanda kwa ziwa kati ya mwisho wa 2019 na Mei 2020. Swali lake lilikuwa moja: je, joto la dunia lililoletwa na binadamu lina mkono kiasi gani katika gharika ile? Jibu lilikuja kwa namba mbili. Ya kwanza: joto hilo limeufanya uwezekano wa ziwa kupanda kwa kasi ile uwe karibu mara 1.8 ya ambavyo ungekuwa. Ya pili: katika mita 1.21 iliyoongezeka, kiasi kinachoweza kuhesabiwa moja kwa moja kwa joto hilo ni sentimita 7 hivi.

Sentimita 7! Mtu ambaye maji yalimfika magotini akiwa chumbani kwake atauliza hizo nyingine zimetoka wapi. Zimetoka kwenye mabadiliko ya kawaida ya mvua, hasa hali ile ya Bahari ya Hindi ambapo maji ya upande wetu wa magharibi yanapata joto kuliko ya mashariki, mawingu yanasukumwa huku, na vuli inakuwa ya mafuriko. Mwishoni mwa 2019 hali hiyo ilikuwa na nguvu isiyo ya kawaida.

Kwa nini namba hizi zina uzito kwa mradi? Kwa sababu mifuko ya kimataifa ya fedha za tabianchi haikuanzishwa kugharamia kila shida ya maskini. Imeanzishwa kugharamia ile nyongeza ya madhara iliyoletwa na mabadiliko ya tabianchi, na kila ombi linatakiwa kuonyesha nyongeza hiyo. Waandishi wa miradi wakiogopa sentimita 7 hufanya mojawapo ya mambo mawili. Wengine wanaandika kana kwamba maji yote ni ya tabianchi, jambo ambalo mchambuzi yeyote wa mfuko atalikamata. Wengine wanakata tamaa na kuliacha ziwa, wanaandika kuhusu miti.

Mimi naamini namba ya kwanza ndiyo ya kushikilia. Kinachomfilisi mwanakijiji ni jambo kurudi kabla hajasimama. Gharika ambayo ilimkuta babu mara moja maishani, sasa inaweza kumkuta mjukuu mara mbili, na mara ya pili itamkuta bado analipa deni la mabati ya mara ya kwanza. Hilo linaweza kuandikwa bila kuongeza chumvi, na linatosha.

Kisha gharama zigawanywe waziwazi. Chukua choo. Kisiwa kisicho na vyoo vya kutosha ni kazi ya halmashauri na serikali, iwe tabianchi imebadilika au haijabadilika. Lakini choo kilichochimbwa kwa kipimo cha zamani, maji yakipanda, shimo linajaa na kilichomo kinaingia ziwani, pale pale watu wanapochota maji ya kunywa. Kipindupindu hakihitaji mlango mwingine. Kwa hiyo halmashauri igharamie choo, mfuko ugharamie kukipandisha juu ya alama ya mwaka 2024 na kukijengea shimo lisilovuja. Maelezo kama haya huwa yanaeleweka hata kwenye mkutano wa kijiji, maana watu wenyewe wanajua kipi ni shida ya siku zote na kipi kimezidi.

Fedha inapita wapi

Kijiji, kata, wala halmashauri haibishi hodi kwenye mifuko hii moja kwa moja. Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ulioanzishwa mwaka 2010 na wenye makao yake Songdo nchini Korea Kusini, pamoja na Mfuko wa Kuhimili uliozaliwa chini ya Itifaki ya Kyoto, hupitisha fedha kwa taasisi zenye ithibati. Kwetu, NEMC, baraza la taifa la mazingira, ina ithibati ya Mfuko wa Kuhimili, na benki ya CRDB ilipata ya Mfuko wa Kijani mwaka 2019. Kwa Mfuko wa Kijani inahitajika pia barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka Ofisi ya Makamu wa Rais.

Kanda ya Ziwa imeshaonja. Mradi wa Bunda, mkoani Mara, ulipitia NEMC kwa fedha za Mfuko wa Kuhimili, kama dola milioni 1.4. Mwaka 2017 Mfuko wa Kijani uliidhinisha mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria mkoani Simiyu, kupitia benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW. Kuna pia mradi wa nchi tano za bonde, Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, uliofanywa kwa kushirikiana na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria yenye makao yake Kisumu.

Neno moja la kuuliza mapema: ni ruzuku au ni mkopo? Programu ya kilimo na tabianchi ya dola milioni 200 iliyoidhinishwa mwaka 2021 kupitia CRDB sehemu yake kubwa ni mikopo. Mkopo si jambo baya, lakini mama anayeanika dagaa anastahili kujua siku ya kwanza, kabla ya kuvaa fulana, kwamba kile kichanja cha kuanikia kitarudishwa kwa marejesho ya kila mwezi.

Mita 60 kutoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Nia yake ni njema: kulinda mafunjo, mazalia ya samaki na watu wenyewe. Kwenye ufuo mrefu wa Magu au Misungwi unaweza kuipigania sheria hii ukashinda.

Visiwani inafunga fundo. Fikiria kisiwa kidogo cha duara chenye upana wa mita 200. Ondoa mita 60 kila upande, unabaki na duara la mita 80, yaani asilimia 16 ya ardhi yote. Hapo katikati mara nyingi ni mawe matupu. Halafu ongeza ziwa linalotembea: kwenye ufuo wenye mteremko mdogo, wa mita 1 kwenda juu kwa kila mita 20 za kwenda mbele, ziwa likipanda mita 1 mpaka unahamia mita 20 ndani. Nyumba iliyokuwa halali mwaka 2018 ikawa ndani ya eneo la marufuku mwaka 2020 bila mwenye nyumba kusogeza tofali.

Mradi ukikwepa swali hili utajikuta umejenga kitu ambacho afisa mwingine wa serikali hiyo hiyo anatakiwa kukibomoa, au umewahamisha watu kwa jina la tabianchi bila kuwaonyesha pa kwenda. Lazima litamkwe kabla ya uzinduzi: mita 60 zinahesabiwa kutoka maji ya mwaka gani? Na shughuli ambazo haziwezi kukaa mbali na maji, kama kutengeneza mitumbwi, kupokea samaki na kuanika dagaa, zipangiwe vifaa vinavyobebeka, ili maji yakija vibebwe na yakirudi virudishwe.

Waliolala kisiwani usiku ule

Miradi huanza kwa kuhesabu kaya. Mhesabuji anapita nyumba kwa nyumba, anauliza jina la mkuu wa kaya, idadi ya watoto, mashamba. Kwa mkulima wa machungwa na mihogo karibu na Nansio njia hii inafaa. Kwa kambi ya uvuvi haifai hata kidogo. Mvuvi wa dagaa anafuata samaki. Mwezi huu yuko hapa, mwezi ujao yuko kisiwa kingine. Anapanga chumba cha mabati na wenzake wanne. Mtumbwi, nyavu na mashine ni mali ya tajiri anayeishi Mwanza mjini. Nyuma yake kuna mama ntilie, kuna wanawake wanaonunua dagaa kwa ndoo na kuanika, kuna fundi wa taa za sola. Maji yakipanda hawa ndio wanaolowa kwanza, na kwenye daftari la kaya hawamo.

Wakati wa kuhesabu nao una siri yake. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwa hiyo uvuvi unakolea usiku wa giza na kupoa mbalamwezi inapowaka. Ukienda siku za mbalamwezi unaikuta kambi imepungua nusu. Nenda siku za giza zikianza, kaa mwaloni alfajiri mitumbwi inaporudi, hesabu watu wanaoshuka. Viongozi wa BMU, kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni, wanalijua hili kuliko daftari lolote. Hata hivyo BMU peke yake haitoshi, kwa kuwa sauti ya wenye mitumbwi humo ni kubwa kuliko ya wanaovuta nyavu, na wanaoanika mara nyingi hawana kabisa.

Usiku huo huo wa giza una hatari yake, na hapa tabianchi inagusa roho za watu. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa. Upepo unatoka pande zote za nchi kuelekea majini, unakutana katikati ya ziwa, hewa yenye unyevu inapanda juu, na radi inazaliwa hapo hapo juu ya vichwa vya wavuvi. Ndiyo maana dhoruba za ziwa hili huja usiku na kuelekea alfajiri. TMA, mamlaka ya hali ya hewa ya Tanzania, hutoa utabiri kwa ajili ya watumiaji wa ziwa, nayo ni hatua kubwa. Lakini utabiri unatakiwa umfikie mtu saa kumi jioni, kabla hajasukuma mtumbwi, kwa lugha yake, katika kisiwa ambacho mtandao unashika juu ya jiwe moja tu. Bendera ya rangi kwenye mlingoti wa mwaloni, inayopandishwa na mtu anayelipwa posho kila mwezi, inaokoa watu kuliko programu ya simu iliyozinduliwa hotelini. Na kuna swali la nani anaamua: anayelala nyumbani ni mwenye mtumbwi, anayeingia majini ni mwingine. Onyo la hali mbaya lisipompa mvuvi haki ya kukataa kuingia bila kufukuzwa kazi, linabaki kuwa taarifa tu.

Kwenye uanikaji kazi ni nyepesi kueleza. Dagaa wakianikwa mchangani mvua ikanyesha wanaoza, wanauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Vichanja vilivyoinuliwa na vyenye kifuniko cha nailoni huwaokoa, na dagaa safi asiye na mchanga anapata bei nzuri zaidi kwenye soko la Mwaloni Kirumba jijini Mwanza. Ningekuwa na shilingi chache za kuanzia, ningeanzia hapa, kwa sababu faida inaonekana msimu huo huo na inaingia mkononi mwa mwanamke.

Halafu kuna Ukara. Kisiwa hicho kidogo, ambacho wengi wanakikumbuka kwa msiba wa kivuko cha MV Nyerere wa Septemba 2018, kimejulikana tangu mwanzo wa karne ya 20 kwa kilimo cha ajabu: watu wengi kwenye ardhi finyu, ng'ombe wanafungwa ndani, samadi inarudishwa shambani kila mwaka, majani ya malisho yanapandwa kandokando ya ziwa, miti ina wenyewe. Wakara walishajifunza kuishi bila pa kuhamia muda mrefu kabla neno kuhimili halijaingia kwenye nyaraka. Mtaalamu anayetua Ukara na mafunzo ya siku tatu ya kilimo bora angefanya vizuri kukaa hizo siku tatu akifundishwa.

Kazi ambayo ningependa itangulie turubai na ngoma haihitaji barua ya kutokuwa na pingamizi. Visiwa vyetu vimejaa majabali. Chukua debe la rangi, waite wazee wa kila mwalo, wasimame wabishane maji yalifika wapi mwaka 1964, yalirudi hadi wapi 2006, yalipanda hadi wapi 2020 na 2024. Wakikubaliana, piga mstari juu ya jiwe na uandike mwaka kando yake, kwa herufi kubwa za kusomeka kutoka ndani ya mtumbwi.